Jina la Baba Kwenye Runinga

Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Thika kwa muda mrefu, na watu wengi wa huku kwetu wamepita mezani kwangu na mambo yao. Nimepiga chapa talaka za watu ninaokaa nao benchi moja kanisani. Najua shamba gani lina kesi na ndugu gani hawasalimiani kwa ajili ya mpaka. Nikitoka ofisini nafunga kabati la chuma, natia ufunguo kwenye mkoba, na mdomo nao naufunga. Hilo nililijivunia, tena sana. Kwa hiyo mtu asinifundishe kutunza siri. Hata hivyo, siri ya baba yangu mwenyewe ilivujia nyumbani kwangu, sebuleni, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai yangu.

Humu sitataja jina la mtu yeyote. Sababu utaiona.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Gatuanyaga mpaka alipostaafu, na alikuwa mzee wa kanisa. Mtu akifiwa kule, alituma mjumbe kwa Baba ili amwandikie wasifu wa marehemu. Aliketi na wafiwa akasikiliza yote, ya pombe, ya mke wa pembeni, ya mtoto aliyefukuzwa nyumbani, kisha akaandika ukurasa mmoja ambao kila mtu aliweza kuusikia makaburini bila kuinamisha uso. Nilipokuwa sekondari nilimuuliza kama huko si kudanganya watu. Alinitazama juu ya miwani.

"Hakuna mahali nimeandika uongo," alisema. "Kuna vitu nimeacha tu."

Ugonjwa wake ulianzia barabarani. Alitoka Thika na dawa ya kuogeshea ng'ombe, akapita nyumba yake mwenyewe, akaendelea na safari kwenye vumbi mpaka mwendesha bodaboda mmoja aliyesomeshwa naye akamgeuza. Baba alimwambia alikuwa anaangalia mahindi ya watu yanavyoendelea, na mwaka huo mahindi hayakuwepo, jua lilikuwa limeyamaliza. Baadaye akaanza kuuliza mbona mama yake amechelewa sokoni. Nyanya alizikwa kabla sijazaliwa.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alimweleza waziwazi kwamba akili yake itakuwa ikipungua, kwamba ataanza kusahau watu, na Baba alielewa kila neno. Huo ndio ukatili wa ugonjwa ule, mwanzoni unakuachia akili ya kutosha kuelewa unakokwenda. Tulipoingia kwenye gari hakunipa nafasi ya kuwasha injini. Alinishika mkono.

"Hii maneno isitoke nje ya hii gari," aliniambia. "Mama yako atajua kwa sababu tunaishi na yeye. Wengine wote, hapana. Wanikumbuke nikiwa mwalimu."

"Haitatoka, Baba."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nilikuwa nalia na yeye hakuwa analia.

Tukawaambia watu ni magoti. Kanisani, magoti. Kwa majirani, magoti, na presha kidogo ili magoti yasichoke. Hata mdogo wangu wa kiume, anayekaa Kahawa Sukari na ambaye alikuwa akija nyumbani wakati wa sikukuu tu, hakuambiwa zaidi ya hapo, na siku alizokuja Mama alimweka Baba kitandani na kusema amelala. Geti likaanza kufungwa kwa kufuli mchana. Watu wakasema mwalimu ameingiwa na maringo uzeeni, na sisi tukawaacha waseme.

Daktari alinipa kazi. Alitaka niwe nikimwandikia yanayotokea nyumbani, na alitaka siku mbaya tu. Akiwa mzima usiandike, alisema, niandikie akipotea, akikasirika, akikosa kumtambua mtu. Basi kila Jumapili jioni, nikishatoka Gatuanyaga na kurudi kwangu Membley, pale Ruiru, nilifungua kompyuta nikaandika niliyoyaona na aliyonisimulia Mama. Daktari huyohuyo ndiye aliyekuwa akimtibu Mama presha, na niliogopa atawachanganya, kwa hiyo kila niliposimulia tukio niliandika jina la Baba kamili, lile la ubatizo na la ukoo.

Faili yenyewe niliipa jina la "Risiti za stima". Niliiweka katikati ya bili za maji na karo, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angetaka kupachungulia. Nakumbuka nilicheka peke yangu kwa ujanja huo. Ofisini ndivyo nilivyozoea: karatasi ya hatari huiweki kwenye bahasha iliyoandikwa "siri", unaiweka kwenye bahasha ya kuchosha. Niliamini kwamba kompyuta ni kabati, na kabati halijui kilichoandikwa ndani ya karatasi zake.

Baba alifariki kwa nimonia, msimu wa baridi. Kamati ya mazishi ikaamua kukutana kwangu, kwa sababu ndugu wengi wanafanya kazi Ruiru na Nairobi, na wazee wa Gatuanyaga wakasema watakuja na gari la kanisa. Jumamosi hiyo mchana sebule ilijaa mpaka wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Kazi ya siku ilikuwa kuandika wasifu wake, na hakukuwa tena na mtu wa kutuandikia.

Mdogo wangu ndiye aliyetoa wazo la kuunganisha kompyuta yangu na runinga, ili wenye macho dhaifu wafuate. Likawa wazo zuri kupita kiasi. Kila mtu akageuka mhariri. Tata, dada yake Baba, alitaka ajulikane kuwa ndiye aliyemfuata kwa kuzaliwa, na akasimama karibu na runinga kuonyesha kwa kidole jina lake lipandishwe wapi. Mwingine alisema neno "mpendwa" limetokea mara nyingi mno, mwingine akasema hayo ni mazishi si mtihani. Tulicheka. Mtu akifa nyumbani watu hucheka hivyo, kicheko cha chai, na nilishukuru.

Kisha ukatokea ubishi wa mwaka ambao Baba alitawazwa kuwa mzee wa kanisa. Rafiki yake mkubwa, mzee mwenzake waliyetawazwa naye siku moja, alitaja mwaka wake. Mama akataja mwingine. Mzee huyo alikuwa ameketi karibu na mlango na tangu afike hakuwa ameongea sana. Kabla ya ugonjwa walikuwa hawaachani, ila alikuwa hajakanyaga kwetu kwa muda mrefu, na mimi nilijua ni kwa nini, na sikuwa na ruhusa ya kusema.

"Kwani tunabishana ya nini?" mdogo wangu alisema. "Si tusearch tu? Sista huwekanga kila kitu hapa."

Nilikuwa jikoni nikijaza chupa ya chai. Niliyasikia maneno hayo na hayakunishtua hata kidogo. Picha za sherehe zilikuwemo, barua ya kustaafu ilikuwemo, acha atafute. Nilipofika mlangoni na chupa mkononi alikuwa ameshaandika jina la Baba kwenye kile kisanduku cha kutafutia, na runinga ilikuwa imejaa orodha. Picha. Barua. Hotuba yake ya kuaga shule. Na chini ya hotuba, "Risiti za stima", ikiwa na vipande vya sentensi chini yake na jina la Baba limepakwa rangi ya njano kila lilipotokea.

"Risiti za stima zinamtaja mzee kwa nini?" mdogo wangu aliuliza, akaifungua.

Wazee wa rika lile husoma kwa sauti. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo wanavyosoma neno kanisani. Rafiki wa Baba alivaa miwani, akasogeza kiti, akaanza kusoma kilichokuwa mbele yake, polepole, kama anayesoma Zaburi. Alisoma jina la Baba. Alisoma kwamba amejikojolea akiwa amekaa mezani na akakataa kubadilishwa nguo. Sauti yake ikapungua, lakini macho yalikuwa yameshatangulia, na mdomo ukayafuata. Alisoma kwamba amemsukuma Mama jikoni, Mama akaangukia mkono, mkono umevimba. Alisoma kwamba amemfukuza rafiki yake wa kanisani getini, amemwita mwizi wa mbuzi, amemtishia kwa fimbo. Na mstari uliofuata: "Jioni ameuliza mbona rafiki yake haji kumwona."

Hapo akavua miwani.

Mimi nilikuwa bado nimeshika chupa. Ningetaka kusema kwamba niliruka, lakini nilisimama pale nikamsikiliza hadi hapo. Ndipo nilipouvuta ule waya wa kuunganishia runinga kwa hasira hadi runinga ikayumba, na kioo kikabaki buluu kitupu. Watu wote wakaendelea kukitazama kile kibuluu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na haikuwa yangu, ilikuwa ya Baba, na yeye alikuwa amelala mochari asiweze kujitetea.

Tata ndiye wa kwanza kusema. "Ndugu yangu hakuwa mwendawazimu. Nani aliandika hiyo takataka?"

"Ni mimi, Tata."

"Wewe! Ulikuwa unakaa hapo unamwandikia makosa, baba yako, kama karani wa polisi?"

"Daktari ndiye alisema niandike."

"Daktari alisema uweke kwa TV?"

Mdogo wangu alikuwa amemgeukia Mama, na uso wake ulikuwa wa mtoto. "Maitũ, si ulituambia ulianguka kwa boma ya ng'ombe?"

"Nilianguka," Mama alisema. "Chini ni chini."

"Na mimi mkaniambia ni magoti? Mimi?"

Mama alikuwa anamtazama mzee aliyeketi karibu na mlango. Yule mzee alikuwa ameshika miwani yake kwa mikono miwili.

"Aliniulizia?" alimuuliza.

"Kila jioni," Mama akasema. "Alikuwa anasema, leo pia hakukuja."

"Ngai. Na mimi nikakaa kwangu nikisema amenikosea." Alijaribu kusimama, akakaa tena. "Mama, mbona hamkuniita hata mara moja?"

"Alikataza."

Akalia mbele ya wote, mtu mzima mwenye tai ya kanisa, na hakuna aliyejua pa kutazama. Kisha ukaanza ubishi mwingine, wa kuandika nini kuhusu ugonjwa. Mzee alisema ukweli uandikwe, ili watu waliomsengenya mwalimu kwa maringo wajue. Tata alisema ukiandikwa yeye hatakuja makaburini. Mama aliwaacha waseme hadi wakaishiwa, kisha akamwambia mdogo wangu, "Andika aliugua kwa muda, akitunzwa na jamii yake. Weka nukta." Nukta ikawekwa. Ndivyo Baba mwenyewe angeandika.

Lakini kompyuta ilikuwa imeshasema. Sijui nani alimwambia nani. Nawajua watu wetu, ni kwamba kila mmoja alimwambia mtu mmoja tu anayemwamini. Kufika siku ya mazishi habari ilikuwa imezunguka Gatuanyaga yote, na watu wazuri kabisa, watu wenye huruma, walinishika mkono pale kaburini wakaniambia pole, kumbe mwalimu alikuwa amerudi utotoni. Mmoja alitikisa kichwa akasema, na vile alikuwa mtu nadhifu! Nilisema asante. Moyoni nilitaka kuwasukuma wote warudi kwao.

Kuna wanaoniambia kwamba ilikuwa heri. Kwamba rafiki yake alibeba jeneza akiwa na amani, kwamba sasa huja kumjulia Mama hali kila wiki na kumletea majani ya ng'ombe. Ni kweli, huja, na mimi hufurahi nikimwona. Halafu hukasirika, kwa sababu amani hiyo ililipwa na Baba bila kuulizwa.

Baada ya mazishi niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini Ruiru, nikamuuliza kwa ukali kwani mashine ilijuaje kilichokuwa ndani ya faili ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameifungua. Alinieleza kwa upole, pengine alidhani nimeibiwa. Mashine haingoji uulize. Ukienda kupika, ukienda kanisani, yenyewe inapita kwenye kila faili, inasoma kila neno, na kujitengenezea faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu: neno hili liko hapa, jina hili liko pale. Ndiyo maana hujibu haraka hivyo. Ilikuwa imeshasoma habari za Baba zamani, tena na tena, kila Jumapili nilipoongeza.

"Na nani aliiruhusu?" nilimuuliza.

"Ukiinunua inakuja hivyo, mama. Watu wengi huipenda. Ukitaka naweza kuizima."

Nikamwambia aizime. Jumatatu nilifika ofisini mapema kuliko wakili, nikaketi mbele ya kompyuta ya kazi, nikaandika jina la mwanamke ambaye talaka yake niliipiga chapa mwenyewe. Yalitoka yote. Yalitoka mambo aliyoyasema akiwa amefunika uso kwa leso, akidhani anatuambia sisi wawili tu. Nilipomwonyesha wakili, alisema hata yeye hutumia kisanduku hicho, kinamwokolea muda. Siku hiyo sikujivunia kabati langu la chuma.

Mama alikuja kukaa kwangu kwa muda. Alasiri moja alikuwa sebuleni akichambua maharagwe kwenye ungo, akaniambia nimsomee ile faili. Yote. Nilikataa. Akasema yeye ndiye aliyekuwepo, hakuna kitu humo kitakachomshtua, anataka tu kujua nimemwandika mumewe vipi.

Nikasoma. Alisikiliza bila kuacha maharagwe, na mara mbili tatu alirekebisha: hapo haikuwa asubuhi, hapo hakusema hivyo. Nilipofika mwisho aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Na siku nzuri uliandika wapi?"

"Sikuandika, Maitũ. Daktari alitaka mbaya tu."

"Kwa hivyo mtu akimtafuta humo ndani, huyo ndiye atapata."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Ukurasa baada ya ukurasa, jina lake kamili, na pembeni ya jina hakuna mahali ametabasamu. Nilikuwa nimekasirikia mashine kwa kusoma, na sikuwa nimefikiria niliipa nini isome. Nikamwambia Mama kwamba haijachelewa. Anieleze hizo siku nzuri niziandike sasa hivi, ziingie kwenye faili ileile, ili angalau zikae pamoja.

Akaanza. "Kulikuwa na siku moja nikimwosha miguu," alisema. Mama alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kisha akaona vidole vyangu juu ya vibonye, akakatiza.

"Hapana," alisema. "Zile zingine zishatoka, hata ukitaka kuambia watu, ambia. Lakini hizi ni zangu. Funga hiyo kitu kwanza."

Niliifunga. Nikauchomoa hata waya wa stima ukutani, ingawa nilijua hausaidii kitu, nikaketi sakafuni karibu na ungo wake. Akanieleza hadi maharagwe yakaisha. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike nilimwona Baba akiwa mzima. Aliyonieleza siyaandiki hapa.